Treni ya mjini: kagua ratiba kabla ya kukagua bei

Mradi wa kupanua reli ya abiria mjini huletwa mbele ya watu ukiwa na namba mbili: urefu wa njia na kiasi cha fedha. Namba ambayo abiria wa Pugu au Syokimau atakutana nayo kila asubuhi, yaani treni inapita kila baada ya dakika ngapi, mara nyingi haimo, au imefichwa kwenye kiambatisho. Mwongozo huu ni wa diwani, mwandishi wa habari, ofisa mipango au kiongozi wa mtaa aliyekabidhiwa andiko la mradi na kuombwa maoni. Utahitaji kalamu, kikokotoo cha simu na karatasi tatu kutoka kwa wahusika: ratiba inayopendekezwa, mchoro wa njia unaoonyesha reli za kupishana, na jedwali la gharama. Ukinyimwa ya kwanza, usihangaike na ya tatu. Huwezi kusema kitu ni ghali au rahisi kabla hujajua unauziwa nini.

Uswisi waliupanga mradi wao wa reli wa Bahn 2000, uliopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1987, kwa mpangilio huo: ratiba kwanza, kisha wakajenga pale tu ambapo dakika za ratiba hazikutosha. Njia mpya ya Mattstetten hadi Rothrist, iliyofunguliwa Desemba 2004, ilijengwa ili safari ya Zürich hadi Bern iwe chini ya saa moja na treni ziwahi kuunganisha abiria stesheni kuu. Kasi zaidi ya hapo hawakuinunua, kwa sababu ratiba haikuihitaji.

Kokotoa mzunguko wa treni

Chukua mfano wa njia ya kilomita 24 yenye vituo 10 kati ya mwanzo na mwisho, safari ya dakika 40. Jumlisha muda wa kwenda, muda wa kurudi, na muda wa kugeuza kila upande. Huo ndio mzunguko. Ugawe kwa dakika zilizoahidiwa kati ya treni na treni, kisha panda hadi namba kamili inayofuata. Jibu ni idadi ya treni zinazotakiwa kuwa njiani kwa wakati mmoja.

Kama treni inavutwa na kichwa kimoja, kugeuza kunakula muda: kichwa kinakatwa, kinapita reli ya pembeni, kinafungwa upande wa pili, breki zinapimwa. Weka dakika 20. Mzunguko ni 40 + 40 + 20 + 20 = 120. Kwa treni kila dakika 30 unahitaji treni 4. Kwa kila dakika 15 unahitaji 8.

Sasa weka treni yenye chumba cha dereva pande zote mbili, kama mchongoko wa TRC (treni ya umeme ya Tanzania) au DMU za Nairobi (treni za dizeli zisizohitaji kichwa). Dereva anatembea hadi upande wa pili na kuondoka. Dakika 8 zinatosha. Mzunguko ni 96. Kila dakika 30 bado ni treni 4, maana 3.2 hupanda hadi 4, lakini kila dakika 15 ni 7.

Kisha inua majukwaa yalingane na sakafu ya behewa. Abiria anayepanda ngazi akiwa na mzigo na mtoto mgongoni huichelewesha treni. Kituo chenye jukwaa la chini hula sekunde 70 au zaidi, cha jukwaa lililolingana sekunde 30. Sekunde 40 mara vituo 10 ni karibu dakika 7. Safari ikishuka hadi dakika 34, mzunguko ni 84: treni 3 kwa kila dakika 30, treni 6 kwa kila dakika 15. Zege la majukwaa limeondoa treni moja zaidi kwenye oda; pamoja na chumba cha dereva pande zote mbili, ni treni mbili ukilinganisha na hesabu ya kwanza ya kila dakika 15. Hakuna kipengele kingine cha mradi wa reli chenye faida ya namna hii kwa bei ndogo hivyo, na bado ndicho hukatwa mapema kwa sababu hakipendezi kwenye picha.

Juu ya hapo ongeza treni za akiba: moja kwa kila treni sita hadi nane. Zingine ziko kwenye matengenezo, na moja itaharibika siku ya mvua. Andiko likisema treni 6 zinahitajika na zinanunuliwa 6, ratiba hiyo itavunjika kabla mwaka haujaisha.

Umeme nao una hesabu yake. Kichwa cha dizeli kinachovuta mabehewa yaliyojaa huongeza kasi kwa takribani mita 0.3 kwa sekunde kila sekunde. Treni ya umeme yenye mota chini ya mabehewa hufika mita 1.0. Kufikia kilomita 80 kwa saa, kichwa cha dizeli kinatumia sekunde 74, treni ya umeme sekunde 22. Muda unaookolewa ni nusu ya tofauti hiyo, kama sekunde 26 kila kituo, zaidi ya dakika 4 kwa vituo 10. Ukiona mradi wa umeme wenye vituo vilivyo mbali mbali na treni moja kila saa, jiulize hizo nguzo zinasimikwa kwa ajili ya nani. Faida ya umeme iko kwenye vituo vya karibu na treni nyingi.

Njia moja, na reli za kupishana

Hapa ndipo ahadi nyingi huanguka, na ni hesabu ya darasa la sita. Kwenye njia moja, treni mbili zinazokabiliana haziwezi kuwa kwenye kipande kimoja. Tafuta kipande kirefu kuliko vyote kati ya reli mbili za kupishana, kwa dakika. Tuseme ni dakika 14. Treni inapita dakika 14, dakika 2 za kubadilisha njia na kufungua ishara, ya upande wa pili inapita 14, dakika 2 nyingine. Jumla 32. Treni kila dakika 30 haiwezekani, hata kama mabehewa ni mapya na waziri ameahidi.

Kanuni: kipande kirefu kisizidi nusu ya muda kati ya treni na treni ukitoa dakika 2, halafu punguza dakika moja zaidi ya pumzi. Kwa kila dakika 30, kikomo ni dakika 12. Kwa kila dakika 15, ni dakika 4 na nusu. Njia ya dakika 34 ingehitaji reli mbili tu za kupishana kwa ratiba ya kwanza, na saba kwa ya pili. Ukifika saba, jenga njia mbili kabisa. Swichi, ishara na matengenezo ya reli saba za kupishana hukaribia gharama ya reli ya pili, bila uhuru wake. Kwa hiyo mtu akikwambia wataanza na kila nusu saa kisha "wataongeza" hadi robo saa, muulize reli ya pili itapita wapi na kama ardhi yake inachukuliwa sasa. Baadaye itakuwa na maduka juu yake.

Mahali pa reli ya kupishana pia si pa kuchagua kwa urahisi wa kiwanja. Treni hukutana pale ratiba inaposema zikutane. Reli ya kupishana ikijengwa dakika 3 mbali na hapo, treni moja itasubiri dakika 6 kila safari, kila siku, kwa miaka 50. Na iwe ndefu kuliko treni mtakayokuwa nayo baada ya kuongeza mabehewa, si ya leo.

Usisahau vivuko vya barabara. Geti likifungwa dakika 2 kwa kila treni, treni kila nusu saa pande zote mbili hufunga barabara dakika 8 kwa saa. Kila robo saa, dakika 16. Kwenye barabara yenye daladala na malori, dakika 16 ni foleni isiyokwisha. Daraja la juu litakuja tu. Swali ni kama limo kwenye bajeti au litaletwa kama ombi la nyongeza.

Pima kabla ya kuagiza

Dar es Salaam ina fundisho la sentimita 6.7. Treni ya mjini ilipoanza tarehe 29 Oktoba 2012, ile ambayo wakazi waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, njia ya Ubungo ilikuwa ya mita moja kamili kati ya reli na reli, na ile ya TAZARA ina milimita 1,067. Behewa la njia moja halitembei kwenye nyingine. Ukiongeza SGR yenye milimita 1,435, jiji lina geji tatu, na kila moja inataka treni zake za akiba, karakana yake na stoo yake ya vipuri. Mchoro wa rangi unaoonyesha njia zote zikikutana stesheni kuu hausemi hilo.

Geji ikilingana, bado kuna mwili wa treni. Mwaka 2014 Ufaransa iligundua kwamba majukwaa kama 1,300 yalihitaji kuchongwa kwa gharama ya takribani euro milioni 50, kwa sababu treni mpya za mikoani zilikuwa pana kuliko stesheni za zamani zilivyoruhusu. Vipimo vilivyotumika vilitoka kwenye stesheni mpya. Hispania iliagiza treni 31 mwaka 2020 kwa euro milioni 258 kwa ajili ya Asturias na Cantabria, na vipimo vya oda havikuwa salama kwa mahandaki ya zamani ya njia zile nyembamba. Jambo lilipolipuka Februari 2023, mkuu wa shirika la reli la Renfe na katibu wa nchi wa uchukuzi waliondoka. Afadhali lilijulikana kabla ya kuziunda.

Kenya nayo ilinunua DMU 11 zilizokwisha kutumika Hispania, kwa shilingi bilioni 1.15, zikafika 2020. Zilikuwa za geji ya mita moja, ndiyo maana ziliweza kuingia kwenye njia za zamani za Nairobi bila kujenga reli mpya. Treni iliyotumika si aibu. Kabla ya kusaini dai mambo manne: umri wa mota na gia, kama kiwanda bado kinatengeneza vipuri, joto na vumbi ambalo vipoza hewa vilisanifiwa kuvumilia, na kimo cha sakafu ukilinganisha na majukwaa yenu. Hilo la mwisho husahaulika, na abiria huishia kuruka.

Soma jedwali la gharama kwa kutafuta kisichokuwemo

Reli, mataruma na kokoto hukadiriwa vizuri kwa kawaida; wahandisi wameyajenga mara nyingi. Bei hupandia kwingine. Pitia jedwali na utafute mistari hii: kuhamisha mabomba ya maji, nyaya za umeme na mkongo, fidia, vivuko vya juu vya watu na magari, laini ya umeme kutoka gridi hadi kituo cha kupozea, karakana yenye lezi ya magurudumu (mashine ya kuyachonga upya), vipuri vya miaka michache ya mwanzo, mafunzo, kuendesha treni tupu miezi ya majaribio, kodi (VAT ni asilimia 18 Tanzania bara, 16 Kenya, hata pale serikali inapojisamehe yenyewe), na riba wakati wa ujenzi. Mstari uliokosekana haujafutwa kwenye maisha. Umeahirishwa tu.

Kisha angalia bei ni za mwaka gani. Shilingi bilioni 1,000 kwa bei za leo, zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, ni 1,338 baada ya miaka mitano na 1,504 baada ya saba. Mkandarasi hajaiba, mradi umechelewa miaka miwili. Sarafu nayo ina lake. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 100 za Kenya mwaka 2018 na ikafika karibu 160 Januari 2024 kabla ya kushuka. Treni ya dola milioni 10 ilipanda kutoka bilioni 1 hadi bilioni 1.6 bila kuongezwa hata bolti, na nauli inayoilipa hukusanywa kwa shilingi.

Fungu la dharura lilingane na hatua ya usanifu. Kwenye upembuzi yakinifu, wakati hakuna aliyechimba hata shimo la kupima udongo, asilimia 30 hadi 40 si woga. Baada ya usanifu wa kina, 10 hadi 15. Ukikuta asilimia 5 kwenye andiko la awali, namba hiyo imewekwa ili jumla ipite. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake uliochapishwa 2002, uliohusisha miradi 58 ya reli, ulikuta wastani wa ongezeko la asilimia 44.7 juu ya makadirio ya siku ya uamuzi, bila kuhesabu mfumuko wa bei. Kwa hiyo jaribu mradi wako kwa kuuongezea asilimia 45. Ukianguka hapo, ujue mapema.

Mifano miwili inaonyesha bei inavyopanda mahali pasipotarajiwa. Caltrain ya California iliweka umeme kati ya San Francisco na San Jose, kama kilomita 82. Bajeti ilikuwa dola bilioni 1.98, ikaishia bilioni 2.44. Mashimo ya nguzo yalikuta vitu ardhini ambavyo michoro haikuonyesha, na mfumo wa ishara na mageti ya barabara uliwasumbua miaka. Huduma kamili ya umeme ilianza Septemba 2024. Lakini tazama walichonunua: treni kila nusu saa mwisho wa juma badala ya kila saa, na safari ya vituo vyote iliyopungua dakika zaidi ya 20. Ratiba haikuliwa.

London, uchimbaji wa mahandaki ya Crossrail, njia mpya ya treni inayopita chini ya jiji, ulikamilika 2015. Abiria walipanda Mei 2022, miaka mitatu na nusu baada ya tarehe iliyoahidiwa ya Desemba 2018, na gharama ikapita pauni bilioni 18 kutoka bajeti ya 14.8. Sehemu kubwa ya miaka ile haikuwa ya kuchimba. Ilikuwa ya kumalizia stesheni na kufanya treni moja ielewane na mifumo mitatu tofauti ya ishara kwenye safari moja. Kwenye ratiba yako ya ujenzi, tafuta mwezi ambao treni, ishara na umeme vinajaribiwa pamoja. Kama ni miezi mitatu ya mwisho, ongeza mwaka.

Kinachokatwa fedha zikipungua

Bei ikipanda katikati ya ujenzi, kilomita hazikatwi. Hakuna mbunge atakayekubali stesheni yake iondolewe. Hukatwa reli ya kupishana ya tatu, jukwaa la pili, treni za akiba, mfumo mpya wa ishara, nusu ya karakana. Utepe unakatwa kwa urefu uleule na kila dakika 15 imekuwa kila dakika 40. Kwa hiyo uliza mapema, kwa maandishi: bajeti ikipungua asilimia 20, mtakata nini, na ratiba itabaki ipi? Jibu lenye mantiki mara nyingi ni kujenga njia fupi yenye treni nyingi kwanza. Kilomita 12 zenye treni kila dakika 15 hubeba watu wengi kuliko 24 zenye treni tatu asubuhi na tatu jioni. Kupanga ni kuchagua.

Gharama za kila siku

Chukua idadi ya treni zinazoondoka kila saa, mara saa za huduma kwa siku, mara pande mbili, mara urefu. Kila dakika 15, saa 16, kilomita 24: 4 × 16 × 2 × 24 ni kilomita 3,072 kwa siku, zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mpe mwendeshaji namba hiyo na umuulize gharama ya kilomita moja ikijumuisha umeme au dizeli, madereva, matengenezo makubwa, reli, ulinzi na usafi. Linganisha na nauli. Pengo ndilo ruzuku, na liwe kwenye bajeti ya serikali kwa jina lake, si deni linalojificha kwenye shirika. Ulinzi usiuone mdogo: mwaka 2020, wakati wa karantini, nyaya na vifaa vya stesheni vya Metrorail Afrika Kusini viliporwa kiasi kwamba njia nyingi zilikaa muda mrefu bila treni.

Madereva: weka wanne hadi watano kwa kila treni inayokuwa njiani saa 16 kwa siku zote saba, ukihesabu zamu, likizo, ugonjwa na mafunzo. Treni 6 ni madereva 24 hadi 30, na waanze mafunzo kabla treni hazijafika bandarini.

Treni za asubuhi na jioni pekee huonekana za bei nafuu. Sivyo. Treni, karakana na riba ni zilezile iwe inakimbia kwa saa 5 au 16 kwa siku. Dereva naye hulipwa siku nzima, akisubiri kivulini mchana. Safari ya mchana inaongeza nishati, uchakavu na zamu ya pili, na inamleta muuza nguo, mgonjwa wa kliniki na mwanafunzi wa nusu siku, watu ambao treni ya saa 12 asubuhi haikuwahudumia kamwe.

Andika huduma kwenye mkataba, kisha ipime mwenyewe

Ufafanuzi wa "kuchelewa" uandikwe: dakika 5, kwenye vituo vyote na si stesheni ya mwisho pekee, ambako ratiba huwekewa dakika za ziada ili treni ionekane imewahi. Treni iliyofutwa ihesabiwe kuwa imechelewa. Isipoandikwa hivyo, siku mbaya hutoa takwimu nzuri, maana treni isiyoondoka haichelewi.

Halafu simama kituoni siku tano za kazi, saa 12 asubuhi hadi saa 3. Andika muda wa kila treni inapoondoka. Chukua dakika kati ya treni na treni, kila moja izidishe kwa yenyewe, jumlisha, gawanya kwa mara mbili ya jumla ya dakika zote. Mfano, mapengo ya 10, 10 na 40: 100 + 100 + 1,600 ni 1,800, gawanya kwa 120 upate 15. Mwendeshaji atasema treni inapita kila dakika 20 kwa wastani, kwa hiyo abiria anasubiri 10. Abiria anasubiri 15, na treni ya tatu inafika ikiwa imejaa, ya kwanza na ya pili zikiwa na viti vitupu. Ambatanisha daftari hilo kwenye maoni yako.